Mama Mdogo Chini ya Jiwe la Msingi

Watu wa nchi ya Vigelegele ni wastaarabu kuliko watu wote niliowahi kuishi nao, na anayebisha hajafika kwao. Huko hakuna kitu kinachoanza kufanya kazi kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi. Bomba linaweza kuwa na maji tele ndani yake, lakini mpaka Mheshimiwa aje, akate utepe, afungue koki, anywe glasi moja mbele ya kamera na kusema "matamu", maji yale si maji, ni mradi. Wizara yao ya Afya ina vyoo vizuri sana ghorofa ya chini. Vimezungushiwa utepe mwekundu tangu vilipojengwa, vikisubiri mgeni rasmi, na watumishi wa wizara, kwa utii wa kutia moyo, huvuka barabara kwenda kujisaidia kwenye baa.

Mimi nilikuwa siyajui hayo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia Kifijo, mji mkuu wa nchi hiyo, nikiwa na ushamba wote wa mtu wa kuja. Nilidhani dharura ni kitu kinachotokea. Kifijo dharura haitokei. Inaandaliwa.

Nilihamia na mama yangu mdogo, Mkejina, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Mkejina alikuwa na vitu viwili alivyovijali duniani: chuma chake cha kupikia vitumbua, na mimi, Sikudhani; na kwa mpangilio huo huo, kama alivyopenda kuwaambia watu. Tulipanga chumba, tukapumzika, kisha asubuhi moja tukatoka kutafuta mahali pa kuweka jiko.

Tukapaona. Kilikuwa kiwanja kikubwa chenye nyasi za kiunoni, na katikati yake ukuta mnene wa zege, urefu wa mtu, uliosimama peke yake kama umeachwa na wenzake. Ukutani kilipachikwa kibao cha marumaru: JIWE LA MSINGI LA KITUO CHA TAIFA CHA DHARURA NA UOKOAJI. LIMEWEKWA NA MHESHIMIWA FULGENSI TANDIKA, WAZIRI WA DHARURA NA HAFLA. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya kupiga wakati wa hatari. Kituo chenyewe hakikuwepo. Nilikitafuta nyuma ya ukuta, nikakuta mbuzi.

"Kituo kiko wapi?" nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa anapita.

"Si hicho hapo," akasema, akionyesha ukuta. "Wewe mgeni nini?"

Mkejina hakujali. Ukuta ulikuwa na kivuli, na kivuli hakihitaji msingi. Akaketi, akawasha jiko, akamimina mkupuo wa kwanza. Vitumbua vilikuwa havijageuzwa upande wa pili ukuta ulipoinama, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemsalimu mkwe, ukamlalia mguu wa kushoto kuanzia gotini kwenda chini. Simenti iliyotengwa kwa ajili ya ukuta ule, nilikuja kuambiwa baadaye, inaishi vizuri tu kwenye ghorofa ya mtu ambaye si adabu kumtaja.

"Sikudhani!" Mkejina akapiga kelele. "Serikali imenilalia!"

Nilijaribu kusukuma. Ni kama kusukuma mlima. Nikaangalia kibao, ambacho sasa kilikuwa kimelala chali kikitazama mbinguni, nikapiga ile namba.

Ilipokelewa papo hapo. Nasema hivi ili nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu.

"Simu ya Dharura ya Taifa, karibu sana. Unaongea na Stelina. Nikusaidie nini, dada?"

"Ukuta umemwangukia mama yangu mdogo. Mguu umebanwa. Njooni haraka."

"Pole. Mko wapi?"

"Kwenye jiwe la msingi la Kituo cha Dharura."

"Aa, hongereni, mmeshafika."

"Dada, jiwe lenyewe ndilo limemwangukia!"

Nilisikia akimnong'oneza mtu, kisha akarudi na sauti ya kazi. "Sawa. Mgeni rasmi wenu ni nani?"

"Mgeni rasmi wa nini?"

"Wa uokoaji, dada. Hatuwezi kuokoa bila mgeni rasmi. Una muda gani hapa mjini?"

"Tumehamia juzi."

"Ndiyo maana una haraka," akasema kwa upole. "Basi tutawatafutia sisi. Msiondoke hapo."

Mkejina alikuwa amesikia yote. "Mwambie," akasema huku anauma meno, "mimi siendi popote."

Walikuja upesi mno. Lilitangulia lori la turubai na viti. Likafuata lori la spika. Likafuata basi la kikundi cha ngoma, wanawake wenye sare za kitenge, wakiongozwa na mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita meli, jina lake Somoe. Mwisho kabisa, likivutwa kwa kamba na trekta ili injini yake isije ikawaka kabla ya wakati, likaja gari la uokoaji.

Lilikuwa gari zuri. Lilikuwa jekundu, jipya, limefunikwa nailoni kwenye viti, na limezungushiwa utepe wa hariri kuanzia taa za mbele mpaka nyuma, na fundo kubwa kama ua pale mlangoni. Kupitia kioo niliona vifaa vimepangwa: machela, mitaimbo, na jeki nene la kuinulia malori. Moyo wangu ukatulia. Nikasema, hawa watu nimewaonea.

Akashuka Bwana Kilumbi, Afisa Itifaki Mwandamizi, mtu mwembamba mwenye suti nzito na tai iliyobana mpaka macho yamemtoka. Alitembea kuzunguka ukuta ulioanguka. Hakumtazama Mkejina. Alikitazama kibao.

"Jina la Mheshimiwa halikuchubuka," akasema, akashusha pumzi. "Tumshukuru Mungu."

"Mzee," nikamwambia, "jeki lile pale. Tuinue."

Akanitazama kama nimemwomba amvue Waziri suruali. "Binti, gari hili halijazinduliwa. Jeki liko ndani ya gari. Kwa hiyo jeki, kiserikali, bado halipo."

"Nalionaje?"

"Unaliona kama raia," akasema. "Halafu kuna suala la pili. Jiwe hili liliwekwa na Waziri. Kanuni zetu zinasema jiwe la msingi huinuliwa na mwenye cheo kilekile au kinachozidi. Mimi hapa nikiligusa, nimejipandisha cheo. Unajua adhabu yake?"

"Na mtu aliye chini yake?"

"Huyo," Bwana Kilumbi akasema, na sasa akamtazama kwa mara ya kwanza, "yupo chini ya Wizara."

Kazi ikaanza, na sijawahi kuona watu wanaojituma namna ile. Walisimika turubai juu ya mabomba ya chuma. Walitandika zulia jekundu kutoka barabarani mpaka kwenye goti la Mkejina. Walipanga meza kuu, wakaweka maua ya plastiki na chupa za maji. Kivuli cha turubai kiliangukia meza kuu yote na kuishia hatua chache kutoka kichwani kwa mama mdogo, aliyebaki juani.

"Naomba mlisogeze turubai kidogo," nikasema.

"Mpango wa ukaaji ulishapitishwa," Bwana Kilumbi akajibu.

"Basi mpeni maji hayo ya mezani."

"Ya meza kuu hayo."

Somoe, yule kiongozi wa ngoma, aliinuka. Alifungua kibuyu chake mwenyewe, akaja akapiga magoti kwenye zulia, akamnywesha Mkejina, kisha akajifunua mtandio akamkinga nao jua. Bwana Kilumbi akamkemea arudi kwenye kundi, kwa kuwa mavazi ya wasanii yalipaswa kufanana.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa koti la kung'aa aliyejiita Emsii Chachandu. Alijaribu kipaza sauti mpaka mbuzi wakakimbia, kisha akakileta mdomoni kwa mama mdogo.

"Mama, unajisikiaje kuwa mhanga wa kwanza kabisa wa Kituo hiki cha kisasa?"

"Njoo ulale hapa," Mkejina akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote, "mimi nije nikuulize."

Wanawake wa ngoma wakaangua kicheko. Emsii naye akacheka, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akasema, "Mama yetu ana utani! Makofi kwake!" Watu waliokwisha kujaa kwenye viti, ambao sikuona wametokea wapi, wakapiga makofi.

Bwana Kilumbi akainama. Alikuwa na jambo la muhimu. "Mama, ukishaokolewa utatoa neno la shukrani. Fupi tu. Utaje uongozi mahiri."

"Nimshukuru kwa lipi? Jina lake limenikalia gotini."

"Hilo usiliseme," akasema Bwana Kilumbi. "Lakini ni heshima ambayo wengi hawaipati."

Tukamsubiri Waziri. Alikuwa mbali kidogo, upande wa pili wa mji, akizindua kivuko cha waenda kwa miguu. Barabara yenyewe ilikuwa bado haijachimbwa, hivyo alilazimika kuvuka mara kadhaa ili wapiga picha wapate kuelewa. Kisha tukaambiwa amepitia kuzindua chakula cha mchana.

Ili tusichoke, viongozi waliokuwepo walitoa nasaha. Alisimama diwani. Alisema kwa kuwa itifaki imezingatiwa hatarudia, halafu akairudia, akiwataja wote waliokaa meza kuu kwa vyeo vyao, na vyeo vyao vya zamani, na vyeo wanavyovitarajia. Alisema ajali hii ni ushahidi wa maendeleo. "Nchi isiyo na mawe ya msingi," akanguruma, "wananchi wake wataangukiwa na nini?" Watu wakapiga makofi. Baadaye akasimama mkuu wa wilaya, akaeleza kwamba wahamiaji wanaoingia mjini wana tabia ya kukaa chini ya vitu. Aliwataka wajifunze ustaarabu wa kukaa pembeni. Hapo aligeuka akamnyooshea kidole mama mdogo, kwa mfano.

Nilimtazama Mkejina nikisubiri jibu. Alikuwa na jibu kwa kila mtu maisha yake yote. Aliwahi kumjibu padri katikati ya misa. Lakini hakujibu. Midomo yake ilikuwa imepauka kama amekula chokaa.

Nikakaa naye kwenye zulia. "Mama mdogo."

"Mguu siusikii tena, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nausikia unawaka, sasa siusikii."

"Anakuja sasa hivi."

"Chuma changu usimpe mtu. Kisugue kwa majivu, siyo kwa mchanga."

"Acha maneno hayo."

Akafumba macho. Ngoma zikaanza, zikakatika. Kumbe lilikuwa gari lingine, si la Waziri. Mkejina akafumbua macho tena, akanitazama usoni kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake, akasema, "Dada, umekuja?"

Mimi si dada yake. Dada yake ni mama yangu, naye tulimzika nikiwa mdogo.

Nikasimama. Karibu na gari alikuwepo msichana wa sare aliyeshika sinia, na kwenye sinia kulikuwa na kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa mkasi uliokuwa umelala kama maiti ya mtu mkubwa. Nikauchukua. Msichana hakunizuia, nadhani hakuwahi kufundishwa kwamba jambo hilo linawezekana. Nikaukamata utepe pale penye fundo, nikaukata.

Wala nchi haikutikisika. Utepe ulianguka tu chini, kama kitambaa chochote.

Spika zenyewe zilinyamaza. Halafu Bwana Kilumbi akatoa sauti ambayo nadhani watu wengine huitoa nyumba yao inapoungua.

"Amekata! Amekata! Mkamateni, amekata utepe!"

"Ana cheo gani huyu?" mkuu wa wilaya akauliza, na wawili watatu wakasimama kwa heshima, kwa tahadhari tu, wasije wakamkosea mtu mkubwa.

Heshima ile ndiyo iliyoniokoa. Walipokuwa wanaulizana cheo changu mimi nilishafungua mlango, nikaling'ang'ania jeki. Lilikuwa zito. Nikaliburuta kwenye zulia lao, likaacha mfereji. Askari wawili wakanijia.

Ndipo Somoe alipoangusha ngoma yake chini.

"Jamani!" sauti yake haikuhitaji spika. "Sisi tumeitwa kucheza. Hatukuitwa kutazama mwenzetu anakata roho. Mabomba hayo ya turubai, chomoeni!"

Wanawake wale hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Wengine waliwakalia askari; namaanisha waliwakalia kweli. Wengine wakachomoa mabomba, na turubai likawashukia diwani, mkuu wa wilaya, maua ya plastiki na meza kuu yote. Kutoka chini ya turubai nilimsikia diwani akiomba msaada, na mtu akimuuliza mgeni rasmi wake ni nani. Tukalisukumia jeki chini ya ukingo wa ukuta. Somoe akapampu, sisi tukapenyeza mabomba, tukakandamiza. Ukuta ukapanda kidogo. Ukapanda tena. Nikamshika Mkejina kwapani, nikamvuta.

Alitoka. Mguu nao ulitoka, lakini ulitoka kama kitu cha mtu mwingine.

Mkinisoma vizuri mtagundua kwamba kazi yote ile haikuchukua muda wa salamu za diwani.

Tulikuwa tunampakia kwenye bajaji, kwa sababu dereva wa gari la uokoaji alisema gari lililozinduliwa na mtu asiye na cheo ni najisi, ving'ora vilipolia. Mheshimiwa Fulgensi Tandika akashuka. Alikuwa mtu mpana, mchangamfu, ana mchuzi kidogo kwenye kidevu. Alipita kwenye zulia akipunga mkono, akafika kwenye ukuta, akainama kwa huruma iliyofanyiwa mazoezi, akakuta hakuna mtu.

"Mhanga yuko wapi?" akauliza.

Bwana Kilumbi, akiwa na nyasi kichwani, akamnong'oneza. Uso wa Waziri ukaanguka. Niliona kabisa kwamba ameumia, na ndiyo maumivu pekee yaliyowahi kuchukuliwa hatua za haraka siku ile. Bwana Kilumbi akatukimbilia, akashika mlango wa bajaji.

"Binti, tuyamalize kistaarabu. Mrudisheni."

"Tumrudishe wapi?"

"Chini ya jiwe. Dakika chache tu. Tutaliteremsha polepole. Mheshimiwa ana mambo mengi leo, amwokoe mara moja, basi, mwende zenu."

Nilijaribu kutafuta tusi. Mimi ni mtu wa maneno, lakini hapo nilikosa. Somoe hakukosa. Alisema neno moja ambalo siliandiki hapa, akamwondoa Bwana Kilumbi mlangoni kwa kiganja cha uso, na bajaji ikaondoka.

Daktari alimkata mguu chini ya paja. Alikuwa kijana, aliniambia kwa sauti ndogo huku akiangalia mlango: "Mngemtoa pale pale alipoangukiwa, mguu tungeuokoa." Halafu akaniomba nisiseme kwamba amesema.

Kwenye televisheni ya taifa, taarifa ilikuwa nzuri. Mheshimiwa alionekana akikata utepe mpya, akishika mpini wa jeki, na kumtoa chini ya ukuta mwanamke mmoja mwenye afya njema, viatu vyake havina vumbi. Nilimtambua. Alikuwa yule msichana wa sinia. Alitoa neno la shukrani bila kukosea hata cheo kimoja. Mkejina aliitazama kutoka kitandani mpaka mwisho.

"Kajitahidi," akasema. "Ila hajui kulia."

Walinifuata baadaye. Bwana Kilumbi mwenyewe alikuja hospitalini na matunda, akanisomea makosa yangu: kukata utepe wa serikali bila wadhifa, na kumwokoa mtu kabla ya wakati wake. Lakini Wizara ina moyo mkubwa, akasema. Nikiomba radhi hadharani, kesi itafutwa, na mama mdogo atapewa kiti cha magurudumu. Kiti kipo tayari. Kinangoja tu kuzinduliwa.

"Nisipoomba?"

"Utaondoka nchini kwetu, mama atatembelea mikono, na sisi tutabaki na huzuni."

Nilimtazama Mkejina. Yeye ndiye aliyekuwa hana mguu. Nilikuwa tayari kusema lolote ambalo lingemkalisha kwenye kiti hicho.

"Ukiwaomba radhi hawa," akasema, akimenya ndizi ya Bwana Kilumbi, "tafuta mtu mwingine wa kukisukuma. Mimi sikikalii."

Wakaandaa Hafla ya Kuomba Radhi. Turubai lilikuwa jipya, viti vilijaa, kiti cha magurudumu kilikuwa mbele kimefungwa utepe, na mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Fulgensi Tandika. Diwani alieleza historia ya radhi katika nchi ya Vigelegele. Emsii Chachandu akaniita kwa mbwembwe, akanipa kipaza sauti. Bwana Kilumbi, kwenye kiti chake, alikuwa akichezesha midomo, akiyatamka kimyakimya maneno aliyonikaririsha.

Nikamtaja Mheshimiwa. Nikawataja wote kwa vyeo vyao, nisije nikasemwa kwamba sikufunzwa. Wakatabasamu. Kisha nikasema:

"Utepe wenu niliukata mimi, kwa mkono huu, na akili zangu zilikuwa timamu. Mama yangu mdogo yuko hai kwa sababu niliukata, na amekosa mguu kwa sababu nilichelewa kuukata. Nimeambiwa niwaombe radhi.

"Siombi."